Sura ya 6: Sauti Inayoichonga Sauti

Sema "karibu ndani" kwa sauti yako ya kawaida, vidole viwili vikiwa vimegusa koo. Kisha rudia maneno hayohayo kwa kunong'ona. Mara ya kwanza utahisi mtetemo. Mara ya pili koo limetulia tuli, na kinachotoka ni pumzi inayopita kwa mkwaruzo. Hata hivyo aliyekaa karibu nawe ameelewa kila silabi. Sauti umeiondoa, maneno yamebaki.

Yamebaki kwa sababu makazi yake hayapo kooni. Nyuzi za sauti hutoa mngurumo uliosheheni masafa mengi kwa pamoja. Kwa mwanamume mzima mtetemo wa msingi huwa karibu mara 100 hadi 120 kwa sekunde, yaani Hz 100 hadi 120, na kwa mwanamke huwa karibu Hz 200. Juu ya msingi huo hupanda ngazi ya mitetemo mingine, mara mbili yake, mara tatu yake, mara nne yake, hadi kufikia maelfu ya Hz. Mafundi huiita harmoniki. Kinywa huupokea mngurumo huo na kuuchuja. Ulimi ukishuka na taya ikifunguka, masafa ya karibu na Hz 700 na Hz 1,200 hupita kwa nguvu kuliko mengine, na msikilizaji husikia "a". Ulimi ukiinuka mbele, nguvu huhamia karibu na Hz 300 na Hz 2,300, na irabu ikawa "i". Midomo ikiviringika, vilele viwili hushuka vikasogeleana, Hz 300 na Hz 800 hivi, nayo ni "u". Namba hizi hutofautiana kidogo kwa mtu na mtu, lakini mpangilio wake ni uleule. Unaponong'ona, mngurumo wa koo umeondoka na mkwaruzo wa hewa umechukua nafasi yake, ila kinywa kinaendelea kuchuja kama kilivyokuwa kikichuja.

Kiswahili kina irabu tano tu, nazo zimesimama mbalimbali katika ramani hiyo ya vilele. Hakuna mbili zinazogombania kona moja. Anayejifunza kazi hii kwa lugha yetu ana nafasi nzuri kuliko mwenye lugha ya irabu kumi na zaidi, kwa kuwa tofauti zetu ni kubwa na mashine huzikamata bila taabu.

Sura hii inahusu programu mbili ambazo leo zimo karibu katika kila kompyuta ya studio: ikwalaiza na vokoda. Wengi huijua ya kwanza kama kifaa cha kusafishia sauti na ya pili kama kiinimacho cha kumgeuza mtu kuwa roboti. Mimi nasema ni mtambo mmoja. Aliyeielewa moja kwa undani ameshafika nusu ya safari ya nyingine, na anayezitumia pamoja anaweza kuichukua sauti yoyote aliyonayo na kuivika umbo la sauti nyingine.

Tuanze na ikwalaiza. Chukua wimbo mzima uupitishe kwenye safu ya vichujio, mfano wa chekeche zilizopangwa kwa ukubwa wa matundu, kila moja ikishika ukanda wake wa masafa. Kila ukanda una kitelezi chake. Ukikipandisha, ukanda ule unaongezwa nguvu; ukikishusha, unafifia. Mwishoni kanda zote zinajumlishwa tena kuwa wimbo. Ikwalaiza kubwa za kumbini huwa na vitelezi 31, kila kimoja kikisimamia theluthi ya oktavi, kuanzia Hz 20 hadi Hz 20,000, ambayo ndiyo mipaka ya sikio la kijana mwenye afya.

Kazi hii ilianzia kwenye simu. Waya mrefu hula masafa ya juu kuliko ya chini, kwa hiyo wahandisi wa simu walifunga saketi za kurudisha kilicholiwa, ili kinachotoka upande wa pili kifanane na kilichoingia. Redio na filamu zikaiazima mbinu hiyo, kisha studio za muziki. Mwaka 1951 ilitoka Pultec EQP-1, mashine ya valvu ambayo mpaka leo watengenezaji wa programu wanaiga sauti yake. Mwaka 1972 George Massenburg aliwasilisha mbele ya wahandisi wenzake muundo ambao ndio tunaouona kwenye skrini zetu: badala ya vitelezi vilivyofungwa mahali pamoja, fundi mwenyewe anachagua kitovu cha masafa, anachagua upana wa ukanda, kisha anachagua ni kiasi gani aongeze au apunguze. Unapoburuta kidoti juu ya mstari uliopinda katika programu yoyote ya kurekodi, unatumia wazo hilo la 1972.

Ndani ya kompyuta kichujio hakina waya wala koili. Sauti iliyorekodiwa ni mfululizo wa namba, kwa kawaida 44,100 kwa kila sekunde. Ili kupata namba moja ya matokeo, programu inachukua namba ya sasa iliyoingia, mbili zilizoingia kabla yake, na mbili zilizokwisha kutoka, inazizidisha kila moja kwa namba yake maalumu, kisha inajumlisha. Kuzidisha mara tano, basi. Ukizibadilisha namba hizo tano za kuzidishia, kichujio kilekile kinageuka kutoka cha kukata besi kuwa cha kuinua trebo au cha kutoboa shimo jembamba katikati. Kwa sekunde moja ya ukanda mmoja hiyo ni mara 220,500 za kuzidisha, hesabu ambayo kompyuta ndogo ya mkononi huifanya huku ikiendelea na mambo mengine. Napenda kulieleza hili kwa wanafunzi kwa sababu linaondoa woga: nyuma ya picha zote za vibonye vinavyong'aa kuna hesabu ya darasa la tano, ila inafanywa haraka sana.

Kuhusu matumizi ya ikwalaiza nina msimamo mmoja tu na nitaurudia kila mahali: punguza kabla hujaongeza. Ukiongeza ukanda kwa desibeli 6 umezidisha kimo cha wimbi lake mara mbili, na kinachopanda juu huonekana kizuri kwa sababu tu kina kelele zaidi. Sikio linadanganyika hapo kila mara. Sauti ya mtu ikisikika kana kwamba anaongea ndani ya ndoo, tafuta kati ya Hz 200 na Hz 400 uchonge kidogo; maneno yatajitokeza yenyewe bila kuguswa. Uwazi wa maneno unakaa kati ya Hz 2,000 na Hz 5,000, eneo ambalo sikio la binadamu ni jepesi zaidi, kama Harvey Fletcher na Wilden Munson walivyopima katika Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu ya Marekani, na kuchapisha mwaka 1933. Eneo hilo ukiliinua kidogo mtu anaeleweka. Ukiliinua sana msikilizaji anachoka kabla wimbo haujaisha, hata kama hajui kilichomchosha.

Sasa chukulia kwamba vitelezi vile havisogezwi na kidole. Vinasogezwa na sauti nyingine.

Hiyo ndiyo vokoda. Sauti ya kwanza, mara nyingi ya mtu anayeongea, tutaiita kiongozi. Inagawanywa na vichujio katika kanda, tuseme 16. Katika kila ukanda programu haiuhifadhi mtetemo wenyewe. Inapima nguvu yake tu, jinsi inavyopanda na kushuka silabi baada ya silabi. Sauti ya pili tutaiita mbebaji. Nayo inagawanywa kwa kanda zilezile 16. Kisha kipimo cha ukanda wa kwanza wa kiongozi kinaendesha kitelezi cha ukanda wa kwanza wa mbebaji, cha pili kinaendesha cha pili, na kuendelea hivyo hadi wa mwisho. Kanda za mbebaji zinajumlishwa na kutolewa nje. Kiongozi mwenyewe hasikiki tena, kimebaki kivuli cha kinywa chake juu ya sauti ambayo haijawahi kuwa na kinywa. Kodiani ikiwa mbebaji, kodiani inasema "karibu ndani".

Aliyeligundua hili hakuwa mwanamuziki. Homer Dudley alikuwa mhandisi wa Bell Labs, na mwaka 1928 alikuwa akisumbuliwa na tatizo la waya. Nyaya za telegrafu zilizolala chini ya bahari ya Atlantiki zilipitisha takriban Hz 100 tu, ilhali mazungumzo ya simu yanahitaji karibu Hz 3,000. Dudley akatambua kwamba ulimi, midomo na taya ni nyama nzito zinazosogea polepole, mara chache tu kwa sekunde. Mtetemo wa koo una kasi, lakini mtetemo huo hauna habari. Habari iko katika mwendo wa polepole wa kinywa. Kwa nini basi kuituma sauti yote? Tuma vipimo vya mwendo, kisha upande wa pili mashine itengeneze mngurumo wake na kuuchonga kwa vipimo hivyo. Kifaa chake kilikuwa na kanda 10.

Dudley alihitaji vyanzo viwili vya sauti upande wa kupokea, na jambo hili litatufaa baadaye tukianza kazi. Kimoja kilikuwa mngurumo, kwa ajili ya irabu na konsonanti kama "m" na "l". Cha pili kilikuwa mkwaruzo, kwa ajili ya "s", "f" na "sh", ambazo hata kinywani hazitoki kooni. Mwaka 1939, katika maonyesho ya dunia ya New York, umma ulionyeshwa ndugu wa mashine hiyo aliyeitwa Voder. Huyu hakuhitaji mtu aongee. Mwanamke aliketi mbele yake kama mpiga kinanda: vibonye 10 vilisimamia kanda 10, upau chini ya kifundo cha mkono ulichagua mngurumo au mkwaruzo, na kanyagio la mguu lilipandisha na kushusha toni. Watu wapatao 300 walijaribiwa, na zaidi ya 20 ndio waliofaa. Mafunzo yao yalichukua karibu mwaka mzima. Kazi ya wanawake hao nina heshima nayo kubwa kuliko mashine yenyewe. Walijifunza kutamka kwa vidole, silabi kwa silabi, jambo ambalo sisi tuliosoma fonetiki vitabuni hatuliwezi.

Vita vikaja, na serikali ya Marekani ikaona faida nyingine: sauti iliyokwisha kugeuzwa kuwa vipimo inaweza kufichwa. Mtambo ulioitwa SIGSALY ulianza kazi Julai 15, 1943, ukiunganisha Pentagon na London, ambako sehemu ya mitambo iliwekwa chini ya duka la Selfridges, Oxford Street. Ulikuwa na uzito wa tani 55 hivi na makabati 40 ya vifaa. Nguvu ya kila ukanda ilipimwa mara 50 kwa sekunde na kuandikwa kwa ngazi sita tu, kisha namba hizo zikachanganywa na namba za kubahatisha zilizorekodiwa kwenye santuri. Santuri zilikuwa jozi, moja kila upande, na baada ya kutumika ziliharibiwa. Alan Turing, mtaalamu wa hesabu wa Uingereza, alikwenda Bell Labs mapema mwaka huo akauchunguza mfumo huo kwa niaba ya nchi yake. Dunia haikuambiwa habari zake hadi 1976.

Wazo la Dudley halikubaki vitani. Simu za GSM hukata sauti ya mzungumzaji katika vipande vya milisekunde 20, na kwa kila kipande hutuma maelezo ya kichujio cha kinywa pamoja na maelezo ya kile kinachokitetemesha. Simu ya upande wa pili inaijenga sauti upya. Kifaa cha kupandikizwa sikioni kwa watu wasiosikia kinafanya jambo la karibu zaidi. Kinaigawa sauti katika kanda, kinapima nguvu ya kila ukanda, na kila kipimo kinapelekwa kama mapigo ya umeme kwenye elektrodi iliyo mahali pake ndani ya koklea, kile kiungo cha sikio la ndani kilichojizingirisha, kwa maana koklea yenyewe imejipanga hivyo, masafa ya juu mlangoni na ya chini kabisa mwisho wa kizingo. Elektrodi hizo huwa kati ya 12 na 22 kutegemea aina. Inatosha? Mwaka 1995 Robert Shannon na wenzake walichapisha katika jarida la Science jaribio lililowapa watu wenye masikio mazima mkwaruzo mtupu uliochongwa kwa kanda chache, na wasikilizaji waliyaelewa maneno karibu yote kwa kanda nne tu, mahali palipokuwa na utulivu. Kanda nne! Tangu nilisome jaribio hilo sijamwambia tena mtu yeyote kwamba programu yake ya bure haina kanda za kutosha.

Kwenye muziki vokoda iliingia kwa mlango wa mwanamuziki Wendy Carlos na mhandisi Robert Moog, waliotengeneza yao mwaka 1970. Ilisikika mwaka uliofuata katika filamu ya Stanley Kubrick, A Clockwork Orange. Kraftwerk wa Düsseldorf wakaifanya sauti ya kundi zima, na The Robots wa 1978 ndio wimbo ambao wengi wanaukumbuka. Mwaka huohuo Herbie Hancock, mpiga piano wa jazi, alitoa albamu ya Sunlight ambamo anaimba kwa vidole: kinywa kinatamka, kinanda kinashika melodi. Hiyo ndiyo kazi ninayoipendekeza kwa anayedhani vokoda ni ya maroboti tu. Kuanzia hapo vokoda ikawa mali ya kila mtu.

Sasa twende mezani. Nitatumia Audacity, kwa sababu ni ya bure, inafanya kazi hata kwenye kompyuta iliyochoka, na vokoda yake imekuja pamoja nayo. Kanuni ni zilezile ukiwa na FL Studio, Ableton Live au Logic; kinachobadilika ni mahali vibonye vilipo.

Rekodi sentensi moja kwa maiki, katika treki ya mono. Ongea kwa kukaza konsonanti kupita kawaida, kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Kisha tengeneza mbebaji. Audacity inaweza kuzalisha toni yenyewe, na hapa ndipo wengi wanaanguka: wanachagua wimbi la sine kwa sababu ni safi. Wimbi la sine la Hz 110 lina masafa mamoja tu, Hz 110, na hakuna kingine. Kanda nyingine zote zinabaki tupu, kwa hiyo vitelezi vyake vinapanda na kushuka bila kitu cha kupandisha. Utasikia mlio unaokatikakatika bila neno hata moja. Chagua wimbi la meno ya msumeno, ambalo lina harmoniki zote. Ukitaka kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, zalisha treki tatu, Hz 110, Hz 131 na Hz 165, uzichanganye kuwa moja. Hiyo ni La ndogo. Kisha ziunganishe treki mbili kuwa stirio, sauti ya mtu ikiwa kushoto na mbebaji kulia, uchague vokoda kwenye orodha ya athari. Hivyo ndivyo Audacity inavyotambua nani kiongozi na nani mbebaji, kwa upande alikokaa.

Tokeo la kwanza litakuwa zito na la kiza. Usivunjike moyo, sababu yake iko katika hesabu na dawa yake ni ikwalaiza. Sauti ya mtu ina nguvu nyingi chini na kidogo juu. Wimbi la msumeno nalo vivyo hivyo: harmoniki ya pili ina nusu ya kimo cha msingi, ya tatu theluthi, na ya 20, ambayo kwa toni ya Hz 110 iko Hz 2,200, ina sehemu moja ya ishirini, yaani desibeli 26 chini. Vokoda inazidisha kimoja kwa kingine. Kilichopungua kwa kiongozi kinapungua tena kwa mbebaji, na masafa ya juu yanaumia mara mbili. Kwa hiyo weka ikwalaiza kabla ya vokoda, pande zote mbili, na kila upande kwa kazi yake.

Kwa mbebaji, inua kuanzia Hz 1,000 kwenda juu, polepole, hadi wimbi peke yake lisikike kali na la kukera. Usiogope ukali huo, kwani hakuna atakayeusikia. Kiongozi atautumia mahali anapouhitaji tu. Kwa kiongozi, kata kila kitu chini ya Hz 100. Huko kuna feni, kuna lori linalopita barabarani, kuna pumzi inayopiga maiki, na vokoda haijui kwamba hayo si maneno: itafungua ukanda wa chini wa mbebaji kila lori linapopita. Kisha punguza lile eneo la ndoo, Hz 200 hadi 400, na uinue Hz 2,000 hadi 5,000 kwa desibeli 4 au 5. Ukiwa na kompresa, pitisha sauti humo kabla ya yote ili silabi dhaifu zisogelee zile kali. Mwisho wa sentensi za Kiswahili hufifia, hasa irabu ya mwisho kabisa baada ya ile yenye mkazo, na vokoda huimeza irabu hiyo bila huruma. Sikiliza "ndani" kabla na baada ya kompresa, uiangalie ile "i".

Halafu kuna "s". Kodi ya msumeno ina nguvu ndogo sana juu ya Hz 5,000, ambako "s" na "sh" zinaishi, hivyo "samaki" anakuwa "amaki". Tufanye alichofanya Dudley: tuongeze chanzo cha pili. Vokoda ya Audacity ina kitelezi cha kuchanganya mkwaruzo ndani ya mbebaji. Mkwaruzo mdogo tu unatosha kuirudisha "s" mahali pake. Vokoda nyingine zinaruhusu masafa ya juu ya kiongozi yapite yenyewe bila kuguswa, na mimi naiona hiyo kuwa njia nzuri zaidi, kwa kuwa "s" ya mtu halisi ina ubichi ambao mkwaruzo wa kompyuta haunao.

Kanda ziwe ngapi? Kumi zinatoa sauti ya mashine ya zamani, yenye haiba yake. Kati ya 16 na 24 maneno yako wazi na mbebaji bado ana mamlaka. Ukipanda sana, kanda zinakuwa nyembamba kiasi cha kuanza kunasa harmoniki za koo la kiongozi, moja moja, na toni yake inaanza kujipenyeza ndani ya kodi. Wengine wanaitafuta hali hiyo kwa makusudi. Kwa wimbo wenye maneno ya kueleweka ningebaki katikati. Zingatia pia kasi ya vipimo, pale programu inapokuruhusu kuichagua. Ikiwa vipimo vinashuka polepole mno, silabi zinalaliana na "kitabu" kinakuwa uji. Vikishuka haraka mno, vinaanza kufuata mtetemo wa koo badala ya mwendo wa kinywa, na matokeo yanakwaruza. Milisekunde 30 hadi 50 za kushuka ni mahali pazuri pa kuanzia.

Mbebaji si lazima awe wimbi la kompyuta. Lakini achaguliwe kwa sifa mbili: awe na harmoniki nyingi, na asikatike. Kodiani ya taarab ina sifa zote mbili, kwa maana ulimi wake wa chuma unatetemeka kwa ukali na mvukuto unaushikilia. Fidla nazo zinafaa, na zumari inafaa kuliko wengi wanavyotarajia. Udi na kanuni, kwa uzuri wao wote, hazifai: zinadonolewa, na mlio unakufa kabla sentensi haijaisha, kisha kinywa kinabaki kinachonga ukimya. Filimbi nayo imekaribia mno wimbi la sine.

Kuna mkanganyiko mmoja unaowasumbua vijana wengi wa studio na lazima niutengue. Ile sauti ya kuruka ngazi ghafla inayosikika katika Bongo Fleva nyingi haitokani na vokoda. Ni Auto-Tune, programu iliyotoka mwaka 1997, kazi ya Andy Hildebrand, ambaye kabla ya hapo alitumia hesabu za mawimbi kutafuta mafuta chini ya ardhi. Auto-Tune inapima toni ya mwimbaji na kuisukuma hadi noti iliyo karibu. Mwimbaji anabaki yeye mwenyewe, koo lake na kinywa chake. Vokoda inalitupa koo na kubakiza kinywa. Kosa la kuzichanganya lina historia: Cher alipotoa Believe mwaka 1998, watayarishaji wake waliliambia jarida la Sound on Sound kwamba walitumia vokoda, ili kuificha siri ya programu mpya. Sina ugomvi na Auto-Tune. Nasikitika tu ninapoona kijana anayetaka kodi nzima iongee akizungusha vibonye vya Auto-Tune usiku kucha, wakati chombo anachokihitaji kimelala kwenye orodha ileile, mistari michache chini yake.

Na kiongozi naye si lazima awe mtu. Hapa ndipo ninapopata raha kubwa ya kazi hii. Weka ngoma kuwa kiongozi na kodiani kuwa mbebaji, kodi moja iliyoshikiliwa bila kubadilika kwa muda wa beti nzima. Pigo la katikati ya ngozi linafungua kanda za chini za kodiani. Kofi la ukingoni linafungua za juu. Kodi iliyokuwa imelala inaanza kucheza kwa mahadhi ya ngoma, ikiwa na besi yake na trebo yake mahali zilipo katika ngoma. Hapa punguza kanda hadi 8 au 10 na ufanye vipimo vishuke haraka, maana ngoma haina irabu za kulindwa. Baada ya vokoda weka ikwalaiza nyingine ukate chini ya Hz 150, kisha irudishe ngoma halisi chini yake ishike besi. Zikigongana, tafuta ukanda ambao ngoma ina nguvu zaidi, kwa kawaida mahali fulani chini ya Hz 250, na uuchonge kutoka kwenye kodiani, sio kwenye ngoma.

Kwa kazi yoyote yenye maneno, hatua ya mwisho ni ileile: ipeleke kwenye simu na uisikilize kwa spika yake ndogo, si kwa hedifoni. Spika hiyo haitoi karibu chochote chini ya Hz 300, na wasikilizaji wako wengi wataisikia kazi yako hapo kwanza. Sikiliza kama "a" na "o" bado zinatofautiana. Zikifanana, rudi kwenye ikwalaiza ya mbebaji, uinue kati ya Hz 700 na Hz 1,300 kwa desibeli 3, uipitishe tena kwenye vokoda, na usikilize upya.